Mvua Imekatika, Nani Amesema Hatari Imekwisha?

Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotangaza kwamba kimbunga Hidaya kimeingia nchi kavu na kupoteza nguvu, watu wa Mtwara na Lindi tulishusha pumzi. Mapaa mengi yalikuwa bado yako juu, minazi michache imelala, simu zinapatikana. Tukaambiana kimepita. Kumbe barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam imeshakatika huko Kilwa: maji yamebeba tuta na makalavati Somanga na maeneo ya jirani, na kwa siku kadhaa mtu wa Kusini hakuwa na njia ya kufika Dar kwa gari isipokuwa azunguke mbali kabisa. Mabasi yalipanga foleni pande zote mbili za maji, abiria wanalala kwenye viti, matenga ya samaki yananuka, na jua linawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Aprili 2025 barabara ikakatika tena, Somanga hiyo hiyo. Safari hii hapakuwa na kimbunga chenye jina la kutangazwa redioni. Ilikuwa mvua ya msimu.

Hoja yangu ni moja. Tahadhari zetu zinatazama juu, na juu kukishatulia nazo hunyamaza. Ardhi lakini haifuati saa za mawingu. Mteremko ulioshiba maji, tuta lililoliwa chini kwa chini, ukuta wa shimo la mchanga: hivyo vyote vina saa zao, na mara nyingi saa yenyewe hufika wakati watu wameshatoka nje kuanika nguo. Kuna watu duniani ambao wamelisoma jambo hili kwa miaka mingi na kulilipia kwa roho za watu, nao ni wale wanaoishi chini ya milima ya theluji. Najua msomaji wa Tandahimba ataniuliza theluji inamhusu nini, maana theluji tunayoijua wengi wetu ni ya kilele cha Kilimanjaro kwenye kalenda na ile tunayoikwangua kwenye friji. Anivumilie kidogo.

Theluji haianguki ikawa kitu kimoja. Kila dhoruba inaacha tabaka lake, na matabaka hayafanani. Kuna lililoshikana, kuna lenye chembe kubwa zisizoshikana hata kidogo. Theluji nyingi mpya ikitua juu ya tabaka legelege, mlima unakuwa na hali ya mkeka uliotandikwa juu ya ulezi uliomwagwa kwenye sakafu yenye mteremko. Mkeka unatulia, unapendeza, mpaka mtu aweke mguu. Hapo unateleza wote kwa pamoja, na aliyekanyaga yuko juu yake. Hatari kubwa iko kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Ikiwa wima zaidi ya hapo theluji hujimwaga kidogo kidogo kabla haijalundikana, na ikilala zaidi ya hapo inatulia. Balaa ni kwamba miteremko hiyo hiyo ndiyo mizuri kwa wanaoteleza na mbao za theluji.

Na ndipo panapoanza kutuhusu. Katika maporomoko yanayoua watembezi na watelezaji huko milimani, karibu asilimia 90 huanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake wa msafara. Si mlima uliowafuata. Wao ndio walioufuata mlima, na aghalabu waliufuata dhoruba ikishapita, siku ya kwanza yenye anga safi, theluji mpya haijakanyagwa na mtu, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza. Dhoruba inapovuma hakuna anayetoka. Ikikoma wanatoka wote, wakati ule ule ambao mteremko umebebeshwa mzigo mpya na bado haujajipanga. Theluji inahitaji muda kushikana, na siku ya kwanza au ya pili baada ya dhoruba mara nyingi ndiyo mbaya kuliko zote. Upepo nao unaongeza: hata theluji ikikoma kuanguka, upepo unaendelea kuihamisha upande mmoja wa mlima kwenda mwingine, hivyo mteremko uliokuwa salama asubuhi unaweza ukawa umepakiwa mchana bila tone kuanguka kutoka angani.

Uswisi walijifunza kwa gharama. Majira ya baridi ya 1950 kuingia 1951 maporomoko yaliua watu 98 nchini humo, na zaidi ya 200 katika milima yote ya Alps. Taasisi yao ya utafiti wa theluji ya Davos, ambayo ilikuwa imeanza kutoa taarifa za hatari tangu 1945, ikapewa uzito mpya, na katika miaka iliyofuata zikachorwa ramani za kila bonde: eneo jekundu hujengi, eneo la buluu unajenga kwa masharti. Leo taarifa yao hutoka kila siku ya msimu wa baridi, jioni na asubuhi. Ukiisoma utaona jambo la ajabu: hali ya hewa ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa inaeleza mlima. Miteremko inayotazama kaskazini, kuanzia kimo fulani, tabaka dhaifu limefunikwa, mtu mmoja anatosha kulianzisha. Kesho yake jua linawaka, hakuna wingu, na taarifa bado inasema hatari ni kubwa. Wala haiombi radhi kwa hilo.

Sasa linganisha na sisi. Simlaumu mtabiri wa hali ya hewa, maana ametimiza wajibu wake kuliko wengi. Rada ya Mtwara ipo, utabiri wa siku tano wenye rangi unatoka, na rangi zenyewe zinazingatia athari zinazoweza kutokea. Lakini kazi yake ni angahewa. Akishasema mvua kubwa imekwisha, anayetakiwa kupokea kijiti na kusema ardhi ya mahali fulani bado haijatulia ni nani? Hapo pana kimya. Taarifa inasema mikoa ya Lindi na Mtwara, eneo linaloanzia Kilwa hadi mpakani Ruvuma, na ikiondolewa inaondolewa kote kwa mara moja, kana kwamba daraja la Kilwa na korongo la Newala vina afya ile ile.

Kuna wanaosema maporomoko ni habari za Hanang, si zetu. Ni kweli kwa nusu. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imenyonya maji ilimeguka, tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh, na zaidi ya watu 80 wakafa. Machi ya mwaka huo huo kimbunga Freddy kiliporomosha matope ya milima ya Blantyre, Malawi, juu ya watu waliokuwa wamelala. Sisi hatuna mlima wa mita 3,417. Tuna uwanda wa Makonde.

Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala anajua ninachosema. Uko juu kwenye mchanga mwekundu na mikorosho, tambarare kabisa, halafu ghafla ardhi inakwisha na bonde linafunguka chini mpaka macho yachoke kuelekea Ruvuma. Uwanda ule kwa asili hauna mito ya juu. Mvua inazama mchangani na maji hutokeza chini kabisa, ndiyo maana mabibi zetu waliteremka na mitungi alfajiri na kupanda nayo jua limeshawaka. Maji yanayozama yana kazi huko chini. Yanapopata njia ya kutokea ukingoni, yanautoa mchanga kidogo kidogo, na ukingo unarudi nyuma. Korongo la Newala au la Mikindani haliui watu 80 kwa usiku mmoja. Linakula choo mwaka huu, jiko mwaka unaofuata, na siku moja linakula chumba chenye mtu ndani. Kwa kuwa halitishi, halitangazwi.

Na hapa kuna jambo la korosho ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha. Mkulima mzuri wa korosho husafisha shamba kabla ya mavuno. Anapalilia, anafyeka, anafagia chini ya mti ili korosho ikidondoka ionekane. Mavuno ni Oktoba hadi Desemba, na mvua zetu huanza Novemba au Desemba. Maana yake mvua ya kwanza, ile yenye matone mazito, inakuta ardhi iko uchi kote uwandani kwa wakati mmoja. Simwambii mkulima aache majani akaokote korosho kwa kupapasa. Nasema mita chache za ukingoni mwa bonde zingeachwa na kichaka chake. Kule Andermatt, Uswisi, wanakijiji walipiga marufuku kukata msitu ulio juu ya kijiji chao mwaka 1397, kwa hati, kwa sababu waliona msitu ule ndio unaozuia theluji isiwaangukie. Hawakungoja wizara. Vijiji vyetu navyo vina sheria ndogo, na vinajua kuzitunga linapokuja suala la mbuzi anayezurura.

Lakini korongo ni la polepole. La haraka ni shimo la mchanga.

Nenda kwenye machimbo yoyote ya mchanga au kifusi nje ya Mtwara mjini, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Usitazame chini wanakochimba, panda juu. Kwenye nyasi, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, utaona ufa unaokwenda sambamba na ukingo. Wakati mwingine ni mwembamba, unafuata mizizi. Wakati mwingine unaingiza bapa la panga lote bila kugusa kitu. Upande wa ndani wa ufa umeshuka kidogo, urefu wa kidole, na maji ya mvua yameingia humo badala ya kutiririka. Kisha chungulia chini. Ukuta una kimo cha watu wawili, watatu, chini umechimbwa kuingia ndani kwa sababu mchanga mzuri uko chini na kutoa udongo wa juu ni kazi isiyolipwa. Ndani ya kile kivuli, kwa vile jua ni kali, vijana wamekaa wanakula muhogo wa kuchemsha. Lori linasubiri.

Ukuta ule ulisimama siku nzima ya mvua kwa sababu hakuna aliyeugusa. Mchanga wenye unyevu kiasi hushikana, mtoto yeyote wa pwani aliyejenga nyumba ufukweni anajua. Ukishiba maji unaachia. Na ukianza kukauka juu, ile nguvu ya unyevu iliyokuwa inaushika inapungua. Kwa hiyo ukuta una nafasi mbili za kuanguka, wakati wa maji mengi na wakati wa kukauka, na hiyo ya pili inakuja jua likiwa limetoka. Ongeza sururu inayougonga chini na lori linalotetemesha juu. Ni yale yale ya mtelezaji na mteremko: mzigo umeshapakiwa, kinachosubiriwa ni mtu wa kuanzisha.

Januari 2024, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, wachimbaji wadogo 22 wa dhahabu walifukiwa wakafa. Viongozi walieleza kwamba uchimbaji mahali pale ulikuwa umezuiwa kutokana na mvua kubwa. Walikuwa vijana, wamesikia kuna dhahabu, wakaingia. Ruangwa na Nachingwea tuna mashimo ya namna hiyo, na tuna vijana wa namna hiyo.

Kwa wenzetu wa theluji kuna hesabu ya dakika ambayo kila mtembezi anafundishwa. Aliyefukiwa mzima mzima akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, ana nafasi zaidi ya tisa kwa kumi za kuishi. Ikifika nusu saa, wanaopona ni karibu theluthi moja. Kwa hiyo hawategemei helikopta, hata kama wanazo. Kila mmoja anabeba koleo lake, kifaa cha kutoa ishara mwilini na ufito wa kudunga ndani ya theluji kumtafuta aliyefukiwa, na hakuna anayevuka mteremko pamoja na mwenzake: mmoja anapita, wengine wanatazama. Mchanga ni mbaya kuliko theluji. Mita moja ya ujazo ina tani moja na nusu na zaidi, na aliyefukiwa mpaka kifuani tu anaweza kushindwa kuvuta pumzi. Zimamoto wako mjini. Shimo liko kijijini. Anayeweza kukuokoa ni yule mnayechimba naye, kwa sharti kwamba yeye hajafukiwa pia na koleo lake halikubaki ndani ya shimo. Kanuni ya makoleo mawili kubaki juu na mtu mmoja kukaa juu akitazama ufa haihitaji mradi wala mfadhili. Sijaiona ikifuatwa popote.

Kuhusu barabara nitakuwa mfupi kwa sababu yamesemwa sana bungeni. Maji yanayopita kwenye kalavati dogo hayalivunji kwanza kalavati, yanakula udongo ulio nyuma na pembeni yake. Lami inabaki juu, chini hakuna kitu. Maji yakipungua, dereva anaona lami nyeusi imenyooka, anaona wenzake wawili wamepita, anakanyaga mafuta. Hatari ya daraja iko juu zaidi baada ya maji kushuka kuliko dereva anavyofikiri, maana maji yakiwa mengi angalau yanaonekana. TANROADS na TARURA wana mafundi wanaolijua hili vizuri. Wanachokosa ni watu wa kutosha wa kufika kwenye kila drifti, pale maji yanapopita juu ya barabara, kabla ya bodaboda wa kwanza.

Nirudi kwenye rangi, maana nadhani hapo ndipo tunapokosea zaidi. Nchi za Ulaya zina kipimo kimoja cha hatari ya theluji chenye ngazi tano, kilichokubaliwa 1993. Mtu angedhani watu wengi hufa kwenye ngazi ya tano. Sivyo. Uswisi karibu nusu ya vifo hutokea ngazi ya tatu, ile ya katikati. Ngazi ya tano ikitangazwa barabara zinafungwa, watu wanakaa ndani, hata mbishi anaogopa. Ngazi ya tatu inamwachia mtu uamuzi, naye anaamua vile moyo wake unavyotaka.

Sisi tulishaona ngazi yetu ya tano. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja, Mtwara ilisimama. Shule zilifungwa, wakazi wa mabondeni na kando ya bahari wakaambiwa wahame, na watu walihama kweli. Kenneth kikaingia Msumbiji, mkoa wa Cabo Delgado, tarehe 25, kikiwa na upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Huku kwetu baadhi wakaanza kucheka kwamba tumetishwa bure, na kicheko kile bado kinatugharimu kila tahadhari mpya inapotoka. Ambalo wachekaji hawakulifuatilia ni kilichotokea ng'ambo ya Ruvuma. Upepo ulipita, watu wakaanza kuokota mabati, halafu mvua ya mabaki ya kimbunga kile kile ikauzamisha mji wa Pemba, ule wa Msumbiji, siku ya tatu. Lindi yenyewe ilishawahi kupigwa na tufani Aprili 1952, kwa hiyo anayesema haya mambo si ya kwetu hajakaa na wazee.

Siku za rangi nyekundu tunatii. Zinazotumaliza ni siku za njano, mvua ya Jumanne ya Februari ambayo haina jina, na Jumatano yake yenye jua. Kwa siku hizo taarifa ya mkoa mzima haina msaada. Anayehitajika ni mtu wa pale pale, anayelijua shimo lile na kalavati lile, mwenye mamlaka ya kusema leo pamefungwa, na mwenye wajibu wa kwenda kupatazama kabla hajasema pamefunguliwa.

Austria wanazo kamati za namna hiyo. Vijiji na miji mingi ya milimani ina kamati ya maporomoko ya watu wa hapo: mwongoza watalii, msimamizi wa barabara, mkulima mzee anayekumbuka theluji ilishuka wapi alipokuwa mtoto. Wanakwenda kutazama, wanaandika, wanamshauri meya, meya anafunga. Sisi Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imetupa kamati mpaka ngazi ya kijiji. Kwenye karatasi hatujapungukiwa. Kamati nyingi lakini hukutana maafa yakishatokea, kuorodhesha kaya zilizoathirika na kugawa magodoro. Mimi ningezipima kwa daftari moja tu: mvua kubwa ilikoma lini, nani alikwenda kutazama wapi, aliona nini, alifunga nini, alifungua lini. Kamati isiyo na daftari hilo ni ya rambirambi.

Kufunga kuna lawama, nakubali. Februari 1999, karibu na Chamonix nchini Ufaransa, poromoko lilifunika nyumba za kitongoji cha Montroc na kuua watu 12, kwenye eneo ambalo ramani haikulihesabu kuwa la hatari kubwa. Miaka minne baadaye mahakama ilimtia hatiani meya kwa kutowahamisha. Wengi kule waliona ameonewa, na mimi sina uhakika kama kifungo cha nje kwa mtu mmoja kinafundisha kitu. Ila baada ya hukumu ile hakuna meya wa milimani anayeweza kusema hakujua kwamba uamuzi ni wake. Hapa kwetu ukuta ukianguka, tunaambiwa ni mapenzi ya Mungu, na mwenye shimo anachimba upande wa pili wiki inayofuata. Wiki mbili baada ya vifo vya Montroc likaja la Galtür, Austria, watu 31, na sehemu ya nyumba zilizopigwa ziliaminika ziko salama. Kwa hiyo hata waliojiandaa kuliko wote wanapigwa. Wao wakachora ramani upya na kujenga kuta.

Linabaki suala la pesa, na bila hilo yote niliyoandika ni maneno ya mtu aliyeshiba. Mtelezaji wa Uswisi akikaa ndani anapoteza Jumapili yake. Mchimba mchanga wa Mtwara akifungiwa shimo siku tatu anapoteza unga, na baada ya mvua ndipo mafundi wanarudi kazini na malori yanakuja mengi. Ukimwambia afunge halafu ukaondoka, atachimba usiku, na usiku hata ufa hauonekani. TASAF ina utaratibu wa ajira za muda kwa kaya maskini, na siku za kufungwa ndizo siku za kuzibua mifereji, kuchonga kuta za mashimo zilale badala ya kusimama wima, na kupanda majani ukingoni mwa makorongo. Halmashauri nazo zinatoza ushuru kwenye mchanga unaotoka. Sehemu ndogo ya ushuru huo ingetosha kumlipa kila aliyefungiwa kibarua cha siku tatu cha kurekebisha shimo lake mwenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai na mvua zinaanza Novemba au Desemba. Fungu hilo likikosekana kwenye bajeti ya Julai, Januari hakuna mwenyekiti wa kijiji atakayethubutu kusimama mbele ya vijana 30 na lori moja akawaambia warudi nyumbani.